Foleni ya Malaba nayo ina moshi wake

Kwa Mhariri,

Nimesoma gazetini mwako habari za pikipiki za umeme Kampala, na zimenifurahisha. Kijana wa boda anabadilisha betri badala ya kujaza petroli, na umeme wenyewe mwingi unatoka kwenye maji ya Nile: Bujagali, Isimba, na sasa Karuma yenye megawati 600. Hapo sina ubishi. Ila tukianza kuzungumza juu ya hewa ukaa ya magari, maneno huanzia Kampala na kuishia Kampala. Mimi naandika kutoka Malaba, mpakani mwa Uganda na Kenya, ambako malori hupanga foleni kusubiri kuvuka na boda inapenya ubavuni mwa trela kama sungura pembeni ya tembo.

Niliendesha malori Mombasa–Kampala miaka 19, hadi mgongo ukagoma. Sasa nauza spea katika kibanda kilicho hatua chache tu kutoka penye foleni. Usiku foleni ikiwa ndefu silali vizuri, kwa sababu injini zinanguruma tangu magharibi. Asubuhi nikipangusa kaunta, kitambaa kinarudi cheusi.

Watu wasioendesha huuliza kwa nini dereva asizime. Foleni inasogea urefu wa trela moja, inasimama nusu saa, inasogea tena. Betri ikiwa imechoka, ukizima huna hakika ya kuwasha. Breki nazo zinatumia upepo: bomba likivuja kidogo na umezima saa mbili, upepo unaisha, breki zinafunga, na ikifika zamu yako unakaa hapo unajaza upepo huku wa nyuma wanakupigia honi na kukutukania mama. Hata mimi nilikuwa sizimi.

Wiki iliyopita nilimgongea kijana mmoja mlango wa kabini, maana moshi wake ulikuwa unaingia moja kwa moja dukani. Akashusha kioo, macho mekundu.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba. Mbona unachoma dizeli bure, mwanangu?”

“Si yangu, mzee, ni ya tajiri. Nikizima nikapitiwa na usingizi, huyu wa nyuma ananipita, halafu tajiri anapiga simu kuuliza nimelala wapi.”

Sasa tupige hesabu. Kichwa nilichokuwa naendesha mimi kilikunywa kama lita 3 kwa saa kikiwa kimesimama tu. Usiku wa saa 10 ni lita 30. Lita moja ya dizeli ikiungua hutoa karibu kilo 2.7 za hewa ukaa, kwa hiyo lori moja limetoa kilo 80 bila kusogeza mzigo hata kilomita moja. Boda inayochoma lita 2 na nusu za petroli kutwa hutoa kilo 6 hivi. Usiku mmoja wa lori moja, basi, ni karibu wiki mbili za boda. Na hapo sijataja Januari 2022, madereva walipogoma kwa ajili ya vipimo vya korona na malori yakapangana upande wa Kenya kwa makumi ya kilomita.

(Kinachonichekesha ni kwamba jina boda boda lenyewe lilizaliwa kwenye mpaka huu wetu, upande wa Busia, miaka ya 1960. Zilikuwa baiskeli. Hazikunywa hata tone.)

Dawa ya kwanza haihitaji mkopo wa benki yoyote. Lori likifika lipewe namba, liingie uwanjani, lizime, na dereva aitwe kwa simu zamu yake ikikaribia. Asiyeitwa asisogee, na anayeruka namba arudishwe mwisho. Dereva akiwa na hakika kwamba hapitwi, atazima mwenyewe, maana hakuna anayependa kulala juu ya injini inayotetemeka. Malori ya makontena ya baridi yawekewe umeme wa kuchomeka hapo uwanjani, ili nayo yasingurume usiku kucha kwa ajili ya samaki.

Dawa ya pili inapita hapa hapa mjini, na nyasi zimewahi kuifunika: reli. Ilifika Kampala mwaka 1931. Tani moja ikibebwa na treni hutumia dizeli kidogo sana kuliko ikibebwa na lori, na treni ya mabehewa 20 inatuondolea msururu mzima mlangoni. Mkataba wa reli ya kisasa ya Malaba hadi Kampala, zaidi ya kilomita 270 na ya umeme, ulitiwa saini Oktoba 2024. Nitaipanda Mungu akinipa uhai. Lakini reli ya kisasa ya Kenya ilifika Naivasha mwaka 2019 ikasimama, na reli mpya yetu bila ya kwao kufika Malaba itakuwa inasubiri mzigo unaokuja kwa lori. Kwa hiyo hii ya zamani isitupwe. Itengenezwe, ipewe vichwa vya kutosha, na ratiba ambayo mfanyabiashara anaweza kuitegemea. Tajiri haogopi treni, anaogopa kontena lake kupotelea njiani wiki tatu.

Serikali ya Uganda imeahidi kwamba ifikapo 2030 itakuwa imepunguza gesi joto kwa asilimia 24.7 ikilinganishwa na pale zingefika bila hatua yoyote. Ningependa kujua kama foleni yetu imo katika hesabu hiyo. Wanaohesabu wakija, waje usiku, kibanda changu kina benchi na chai haikosi. Leo ninapoandika, malori 34 yamesimama kuanzia mlangoni kwangu hadi kwenye kona, na yaliyozima ni mawili. Moja kati ya hayo limeharibika.

Dereva mstaafu,
Malaba, Tororo