Shoga, ile chupa usiifungue

Shoga yangu wa mimi,

Assalam aleikum, habari za siku nyingi, za mama, za watoto, na za huyo bwana wako asiyepokea simu. Sie wazima. Najua nimekaa kimya tangu mfungo na maneno yako nayajua yote, utanisema baadaye, saa hizi nisikilize kwanza: Mama Shuu keshafika hapo kwako? Kama keshafika na kile kifurushi changu, ile chupa ya kioo USIIFUNGUE. Wala usiitikise, wala usiipange juu ya kabati la TV pale jua la mchana linapopiga. Itie kwenye friji sasa hivi afu ndo urudi usome.

Umerudi? Haya.

Ni ile sharbati ya maua niliyokwambia. Huku ikifika mwisho wa Mei mpaka katikati ya Juni kuna mti unatoa maua meupe yenye rangi ya krimu, mashada mapana kama visahani, uko kila mahali, kando ya mfereji wa Grand Union hapa Leicester, Uingereza, kwenye viwanja vitupu, hata nyuma ya mapipa ya taka. Wenyewe wanauita elda. Miaka sita napita chini yake na mifuko yangu ya sokoni sina habari nao, mpaka mwaka huu bibi jirani, yule wa paka watatu, akanishika mkono twende tukachume. Harufu yake sijui nikwambieje, si asumini, si kilua, ni kama zabibu zilizoiva zikalala na limau usiku mzima. Lakini ukichuma yaliyozeeka, yale yameshaanza kuwa kahawia, yananuka mkojo wa paka, wallahi tena paka dume.

Na kuna masharti utadhani unaenda kwa mganga. Uchume siku kavu yenye jua, asubuhi. Usiyaoshe, maana utamu wote uko kwenye ile poda ya njano, we kung'uta wadudu tu. Mabua ukate uyatupe, yana sumu ya ukoo mmoja na ile ya mhogo mchungu. Na bibi kabla hajakata shada la kwanza akasimama akaunong'oneza mti! Namuuliza vipi, ananambia mti huu una bibi yake anakaa ndani, wazee wao walikuwa hawakati bila kuomba ruhusa. Nikasema loh, kumbe na wazungu wana mbuyu wao, na sie ndo tunaoambiwa washirikina.

Sasa sikia nilipoharibu. Kipimo cha bibi ni mashada 20, maji lita moja na nusu, sukari kilo mbili na nusu (ndio, mbili na nusu, hata mie nilishtuka), malimau mawili, na ndimu ya unga gramu 85. Unayeyusha sukari kwenye maji ya moto, ukiepua unatia maua na limau na ndimu, unafunika, kesho yake saa kama ile ile unachuja kwa melimeli unatia kwenye chupa ulizochemsha. Kazi imeisha. Ukitaka kunywa unatia kidogo maji mengi, kama Vimto vile.

Nikaenda duka la dawa kutafuta ndimu ya unga, yule kijana ananiangalia juu mpaka chini ananiuliza ya nini na nataka nyingi ya nini. Kumbe huku wala unga wanaitumia kuyeyushia madudu yao! Mtoto wa watu nimejitanda mtandio wangu nimesimama kwenye foleni, ndimu ya unga imenigeuza mla unga. Nikaondoka kwa aibu, nikasema nitaongeza limau, yatosha. Afu nikamkumbuka mama na sukari yake, nikasema kilo mbili na nusu nitamuua mzee wa watu, nikatia kilo moja. Na maua nikayatia maji yameshapoa, ati yasipoteze harufu. Nikajiona daktari, nikajaza chupa nne, mbili nikampa Mama Shuu akuletee, ya plastiki na ya kioo.

Jumamosi usiku tumelala tunasikia PAA! Baba Nunu kashuka na mwiko wa ugali akidhani mwizi. Chupa imepasuka kabatini, vioo mpaka kwenye viatu, ukuta wote unanata na nyumba nzima inanukia vizuri kuliko siku zote, hilo nalo niseme. Bibi kaja kucheka tu. Anasema yale maua yana chachu yake ya asili toka mtini, sukari nyingi na ule ukali wa ndimu ndo unaoifungia isifanye kazi, mie nimeondoa vyote viwili nikaiachia uwanja. Afu ati nisisikitike, wao wengine wanaiacha makusudi ichache hivo hivo wanaita shampeni. Shampeni! Na mie nimepeleka Tanga, kwenye nyumba ya Ustadhi, kwa ajili ya harusi ya Zuu!

Ndo maana nakwambia ile chupa. Leicester baridi hii imepasuka, sembuse iliyopanda basi Dar ikapigwa na jua la Segera. Ya plastiki ibonyeze, ikiwa ngumu kama tairi ndo ujue ishakuwa pombe. Ya kioo ilale kwenye friji usiku mzima, afu uivishe taulo nene, nenda nayo uani, watoto mbali, uifungue taratibu uso umegeuza pembeni, umwage. Usionje! Nakujua.

Nimeshatengeneza nyingine kwa kipimo chenyewe, na ndimu ya unga kaninunulia bibi, yeye hakuulizwa kitu. Iko kwenye friza, akipatikana mtu wa kuja nitaleta.

Sasa nambie, Mama Shuu kafika au bado yuko Dar kwa dada yake? Kuna mtu kashaonja? Ustadhi hajaiona lakini? Na kama kaonja bila kujua hukumu yake nini, muulize lakini usitaje jina langu. Sukari ya mama imeshuka? Na ile rozela yake ya chupa ilikuwa inakaa miezi haichachi, alikuwa anaweka nini? Zuu kapata gauni? Na wewe bado umenuna?

Nijibu leo leo, hata uandike "friji" tu nitaelewa.

Mwenzio,
Mama Nunu