Wanaapolo wa Mererani wapewe mkataba na mshahara

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo linalosahaulika kila tanzanaiti inapotajwa, nalo ni malipo ya wanaapolo, yaani vijana wanaoshuka ardhini kuichimba katika migodi ya Mererani, wilayani Simanjiro.

Tangu Juni 2020, mchimbaji Saniniu Laizer alipoiuzia Serikali mawe mawili, moja la kilo 9.27 na jingine la kilo 5.1, kwa zaidi ya Sh7.7 bilioni, wengi wameamini kuwa Mererani utajiri unaokotwa. Mwamba wenyewe hauko hivyo. Tanzanaiti ni aina ya madini yaitwayo zoisaiti iliyopata ubuluu wake kutokana na metali ya vanadi, na hupatikana katika miamba yenye kinywe (grafiti) ya Ukanda wa Msumbiji, mkanda wa miamba ya kale wa Afrika Mashariki, ambayo zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita ilikunjwa, ikabanwa na kuvutwa mabara yalipogongana. Tabaka gumu lilikatika vipande katika kuvutwa huko, na majimaji ya moto yakajenga vito kwenye nafasi zilizobaki. Ndiyo maana migodi miwili jirani inaweza kufuata tabaka lilelile, mmoja ukazalisha na mwingine ukamaliza miaka bila hata punje ya kuuza, ingawa nguvu iliyotumika ni ileile.

Juu ya mwamba wa namna hiyo tumejenga mfumo wa malipo wa ajabu. Kwa desturi mwanaapolo hana mshahara: mmiliki hutoa chakula, kompresa, baruti na mafuta, na siku mgodi ukizalisha, vijana hugawana fungu walilokubaliana kwa mdomo. Siwalaumu walioanzisha utaratibu huu baada ya vito kugunduliwa mwaka 1967, kwani wakati huo vilipatikana karibu na uso wa ardhi na kusubiri hakukuwa kwa muda mrefu. Leo mashimo yamefika mamia ya mita kwenda chini, na anayebeba hasara ya kukosa ni yule asiye na kitu kingine, kwa sababu mmiliki anaweza kuwa na ng'ombe, malori au mgodi wa pili, lakini mwanaapolo ana mapafu yake tu.

Asiyelipwa mpaka jiwe lionekane hana subira. Atatoboa mwamba mkavu bila maji, vumbi likimjaa kifuani, na atarudi chini kabla moshi wa baruti haujatoka. Atashawishika pia kuficha jiwe (nani asingeshawishika baada ya kula maharage mwaka na nusu bila senti mfukoni?), kisha tumpekue langoni. Ukuta wa kilomita 24.5 unaozunguka migodi, uliokamilika mwaka 2018, umesaidia kudhibiti utoroshaji, wala siubezi, ila langoni pale hakuna anayemuuliza kijana kama ana mkataba.

Sheria haijakaa kimya. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ampe mwajiriwa masharti ya kazi kwa maandishi. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi nao upo, lakini mchango wake hukokotolewa kutokana na mishahara. Pasipo mshahara hakuna mchango, na mwamba ukianguka familia hubaki na rambirambi. Mafuriko ya mwaka 1998 na ya Machi 2008 yaliua makumi ya wachimbaji hapo hapo Mererani.

Naishauri Tume ya Madini, inayotoa leseni za uchimbaji mdogo, isihuishe leseni yoyote ya Mererani mpaka mmiliki aonyeshe mikataba ya maandishi yenye mshahara wa kila mwezi, hata uwe mdogo, pamoja na fungu la uzalishaji. Wamiliki watasema hawana mtaji wa kulipa watu 40 kila mwezi. Kwa baadhi yao ni kweli kabisa, nao waanze na 10.

Msomaji wako,
Simanjiro, Manyara