Goti Limekataa, Sasa Umeingia Ndondi

Mwanangu,

Salamu nyingi. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza. Goti limekukatalia mieleka, umepata chumba Tononoka, unataka kufunza vijana ndondi na papo hapo uwe promota wa mapambano yao. La kufunza nakubariki. Hilo la pili nina neno.

Usione haya kwamba umetoka kwenye mieleka. William Muldoon wa Marekani alikuwa bingwa wa mieleka, na mwaka 1889 ndiye aliyekabidhiwa John L. Sullivan, bingwa wa ndondi uzani wa juu, ulevi umemmaliza, kitambi kimemtangulia. Muldoon akamchukua shambani kwake Belfast, jimbo la New York: akampasulisha kuni, akamlimisha, akamkimbiza, akamrukisha kamba, akashindana naye mieleka. Na chupa akamnyima, kazi ambayo naamini ilizidi zote hizo. Zama zile walipigana mikono mitupu, na kumkamata mwenzio ukambwaga chini ilikuwa halali; raundi iliisha mtu anapoanguka. Mwalimu wa mieleka hapo alikuwa na kitu cha kufunza.

Tarehe 8 Julai Sullivan akapambana na Jake Kilrain huko Richburg, Mississippi, kwenye jua kali, raundi 75, zaidi ya saa mbili. Raundi ya 44 alitapika, na bado akaendelea.

Lakini mimi humuwaza zaidi Mike Donovan, aliyekuwa msaidizi wa Kilrain kwenye kona ya ulingo. Kabla ya raundi ya 76 alirusha sponji ulingoni, ishara ya kukubali kushindwa, akichelea mtu wake asife. Sasa wewe umekodi ukumbi, umelipia viti na vipaza sauti kwa pesa za mkopo, watu wametoka Likoni na Kisauni na tiketi zao, na kijana wako anayumba raundi ya pili. Utarusha taulo, ile sponji ya siku hizi? Utaniambia ndiyo, na najua huna roho mbaya. Ila utachelewa kidogo. Kwenye ndondi kidogo hicho ni kingi.

Funza tu. Mapambano ayaandae mwingine, nawe umdai daktari kando ya ulingo kabla hujampeleka mtoto wa watu.

Nitapita Ijumaa baada ya swala nikione hicho chumba. Yale magodoro yako ya mieleka usiyauze, sakafu za huko ni saruji tupu. Na mamako anauliza: goti umelipeleka hospitali, au bado unalikanda tu?

Babako