Barua kwa mwanangu: ile albamu ya msichana na mlima

Buruburu, Nairobi

Mwanangu Nyokabi,

Ile albamu ya Ulver uliyoniwekea kwenye simu nimeisikiliza yote, kisha nikairudia usiku mamako alipokwisha kulala. Nakuandikia kwa sababu tukipigiana simu tutaishia kwenye kodi ya nyumba na mvua, na jambo hili lataka nafasi yake.

Historia yao unaijua kuliko mimi: vijana wa Oslo walioanza mwaka 1993, na hii albamu yenyewe, "Bergtatt", ikatoka 1995, nyimbo tano wanazoziita sura, dakika kama 35 tu. Mimi nimeingia kwa mlango wa kwaya. Katika sura ya kwanza ngoma zinakwenda mbio na gitaa zinakwaruza bila kuvuta pumzi, ilhali mwimbaji wao Garm anaimba polepole, sauti ya chini, akiipanga sauti yake juu ya sauti yake mpaka imekuwa kwaya nzima ya wanaume. Ngoma zina haraka, wimbo hauna. Nimefundisha besi kwayani miaka mingi, mwanangu, na najua kazi ya kumfanya mtu ashike noti ndefu huku ala zinamkimbiza. Huyu ameishika, wala hakaripii. Ukelele wa kukwaruza koo unakuja baadaye, na ukija unakuta tayari umeshajua ni nani anayelia.

Hadithi yenyewe ndiyo iliyoninyima usingizi. Msichana amepotea msituni, jua limezama nyuma ya vilima, viumbe wa mlimani wanamwita, na mwisho anaingizwa ndani ya mwamba. Shosho alikusimulia ya zimwi lililomtia msichana ndani ya ngoma, likazunguka naye vijijini, likipiga naye akiimba humo humo, hadi wazazi wake wakaitambua sauti. Ya kwetu ina wazazi. Ya Wanorwe haina wa kuitambua sauti, na mimi kama mzazi wako sikuweza kuisikia vingine.

Kwa hiyo sura ya nne imeniuma kuliko zote. Gitaa kavu lisilo na umeme, na sauti inayobembeleza. Basi. Mtunzi mwingine angemwaga kelele zote hapo penye hatari. Hawa wameificha hatari katika utulivu, na hapo ndipo wamenishinda nguvu. Tena sikiliza sura ya tatu pale gitaa zinaponyamaza, zikabaki nyayo za mtu msituni na kinanda. Sehemu hiyo nimeirudisha mara kadhaa.

Kuna jambo ambalo mimi mtu wa kanisa siwezi kuliruka. Muziki huu, wanaouita black metal, ulikulia Norwe katika miaka ambayo baadhi ya vijana wake walichoma makanisa. Lile la mbao la Fantoft, kule Bergen, liliteketea Juni 1992. Ule ulikuwa uovu na sitaupamba. Lakini "Bergtatt" naipima kwa kilichomo: ngano za wazee wao, lugha yao ya kizamani, filimbi, sauti zilizopangwa kwa uangalifu ambao kwaya yangu ingefaidika nao. Shangazi yako akisema unasikiliza mashetani, mwambie baba amesikiliza mpaka mwisho, na aje tuzungumze.

Hapa Nairobi tumewapata kundi la Duma, ambao albamu yao ya 2020 ilitolewa na lebo ya muziki ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Ukali wao ni wa mashine na nauheshimu. Ila mimi natamani kusikia ngano ya zimwi ikipewa gitaa kali, filimbi na kwaya kwa pamoja, kwa Kiswahili au Kikuyu, bila kuwaiga Wanorwe misitu yao. Msitu wa Karura tunao, na vilima vya Ngong vinaonekana kutoka kwako Rongai.

Nimeanza kuuandika ule wimbo wa msichana ndani ya ngoma kwa sauti nne. Besi iko tayari. Soprano inanisumbua, kwa sababu inapaswa kusikika kama imefungiwa mahali bila kupoteza maneno. Jumapili baada ya ibada ya pili njoo na gitaa lako, na uniletee "Kveldssanger" ya Ulver ya 1996, ile albamu waliyoweka gitaa za umeme kando. Mamako atapika mukimo.

Baba yako