Bei ya korosho iandikwe hadharani

Ndugu Mhariri,

Nimesoma ushauri mliouchapa kwa wafanyabiashara wadogo, kwamba anayetaka kuuza mtandaoni afungue kurasa Instagram, Facebook na TikTok kwa mpigo, achapishe kila siku na atafute wafuasi. Mimi ni mkaangaji wa korosho hapa Mikindani, Mtwara, na naomba nafasi nijibu, maana ushauri huo umeliruka jambo la kwanza kabisa. Jambo hilo ni bei.

Pitia kurasa za wauza korosho jioni moja ujionee. Picha safi, punje nyeupe zimejaa sahani, na chini yake: "Bei njoo inboksi." Mteja yuko Dodoma, yuko kazini, bando lake la kubana. Haji. Anapita zake. Na akija anaulizwa kwanza, "Uko wapi dada? Unataka kiasi gani?", naye anahisi anapimwa mfuko kabla hajatajiwa chochote. Nimewauliza wenzangu kwa nini wanaficha. Wapo wanaoogopa jirani atashusha bei. Wapo waliofundishwa na wataalamu wa semina kwamba mteja akishaanza kuzungumza hachomoki. Lakini jirani akitaka kujua bei yangu atamtuma mtoto aje anunue robo, amalize. Anayebaki gizani ni mteja peke yake.

Na sisi watu wa Kusini ndio hasa haitupasi kuficha. Korosho ghafi zetu zinauzwa mnadani. Tangu mfumo wa stakabadhi ghalani uanze kwenye korosho mwaka 2007, mkulima anapeleka mzigo chama cha msingi cha ushirika, unaingia ghalani, na siku ya mnada bei ya juu na ya chini zinasomwa wakulima wakisikia, nao wanakubali au wanakataa. Mwaka 2018 walizikataa bei za mnada kwa sababu walizisikia kwa masikio yao, hadi serikali ikatangaza kuzinunua yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo. Tumelelewa katika bei inayosomwa mbele ya watu. Leo tunafichaje bei ya pakiti ya nusu kilo?

Mimi naandika hivi: "Korosho za kukaanga, nzima, chumvi kidogo, nusu kilo 14,000. Vipande, nusu kilo 10,000. Zimekaangwa leo. Nauli ya kifurushi analipa mteja." Kila neno lina kazi yake. Nzima na vipande ni mali mbili tofauti, na asiyetofautisha atagombana na mteja pakiti ikifunguliwa. Anayeuzia hoteli aongeze na daraja. W320 maana yake ni punje zisizozidi 320 kwa ratili, na W240 ni kubwa zaidi. Mnunuzi wa hoteli anazijua namba hizo na akiziona anajua anazungumza na mtu wa kazi. Neno la nauli nalo lisikosekane, kwa sababu hapo ndipo ugomvi mwingi unapoanzia.

Sasa, uandike wapi? Kwa anayeanza, WhatsApp inatosha, tena ile ya biashara, ambayo ni bure na ina katalogi ya kuweka picha ya kila bidhaa na bei yake. Stetasi ndiyo meza yako ya sokoni. Ila kuna kitu ambacho semina nilizokaa hazikukigusa: stetasi yako inaonwa na mtu ambaye umehifadhi namba yake naye amehifadhi yako. Upande mmoja ukikosa, unatangaza peke yako. Kwa hiyo kila anayenunua kwangu, hata wa pakiti ndogo, namwomba palepale, "Kaka, nihifadhi jina, Korosho Mikindani." Anaandika nikiwa namtazama. Stetasi inadumu saa 24, basi naiweka asubuhi watu wakiwa njiani kwenda makazini, na siweki utitiri wa picha, mtu akachoka akaniziba.

Picha ipigwe mchana, nje, kivulini, korosho zikiwa kwenye sahani nyeupe isiyo na maua. Taa ya ndani inazifanya za njano, mteja akadhani ni za msimu uliopita. Mimi naweka pembeni kikaratasi chenye jina la biashara na tarehe ya siku hiyo, kwa sababu picha zetu zinaibwa. Mtu hajawahi kukanyaga Mtwara anachukua picha ya mwenzetu, anatangaza "korosho original za Mtwara", anapokea pesa na kuzima simu. Huyo ndiye anayetuharibia, na namba yake iripotiwe kwa kutuma ujumbe kwenda 15040. Lakini mteja aliyekwisha kuibiwa mara moja hanitofautishi mimi na mwizi mpaka nimwonyeshe kitu. Ndiyo maana mzigo ukishapokelewa stendi ya Mkanaledi hapa Mtwara, natuma picha ya risiti ya kifurushi, namba ya basi na simu ya wakala wa Mbezi, Dar es Salaam. Nikisahau kutuma risiti nastahili kupigiwa simu usiku.

Kuhusu kulipia matangazo na kununua wafuasi, sitakaa sana. Wafuasi wa kununua hawali korosho. Tangazo la kulipia linafaa baadaye, ukiwa na mzigo wa kutosha na mtu wa kujibu meseji. Ukiletewa wateja mia leo na una kilo nane ndani, umejitangaza kwamba huna mali.

Lipo jambo jingine naliona zito kuliko hayo. Mei 2024, baada ya kimbunga Hidaya, mvua iliikata barabara ya Dar es Salaam na Lindi kule Kilwa, magari yakakwama. Haijapita wiki mbili, intaneti nayo ikaanguka nchi nzima kwa kukatika nyaya za baharini. Wenzetu waliokuwa na wateja kwenye kurasa tu hawakuwa na pa kuwaambia kwamba mzigo umechelewa. Sisi wenye daftari tulipiga simu za kawaida, mmoja mmoja. Daftari langu lina jina, namba, mji, alichonunua na lini. Ukurasa ni wa kampuni ya kigeni na unaweza kufungiwa usiku mmoja. Daftari ni langu, na silionyeshi kwa mtu, kwa sababu namba ya mteja ni amana.

Kwa hiyo ombi langu ni kwa halmashauri zetu za Mtwara na Lindi. Vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu vinapata mikopo inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, na mafunzo hutangulia. Katika mafunzo hayo, siku moja itolewe kwa kazi yenyewe. Kila kikundi kije na bidhaa yake, kipige picha hapohapo, kiandike tangazo lenye bei, kiweke katalogi, na maafisa wahakikishe hakuna anayeondoka na "njoo inboksi". SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo, wapo hapa Mtwara, waitwe siku hiyohiyo waeleze barua ya utambulisho ya kwenda TBS, shirika la viwango, kwa sababu swali la nembo ya ubora huja mara tu mteja wa mbali anapotaka zaidi ya pakiti mbili.

Na tarehe izingatiwe. Minada ya korosho huanza Oktoba, na kuanzia hapo hatuna muda wa semina, mikono yote iko kwenye kubangua. Mafunzo yafanyike Agosti, ili korosho mpya zikitoka, matangazo yawe yamekwisha kuandikwa na bei ibaki kujazwa tu.

Mkaangaji korosho,
Mikindani, Mtwara