Mazingira safi, lakini na sisi tuhesabiwe

Mhariri,

Mabango ya mazingira hapa Mombasa husema kila mtu awajibike. Sawa. Ila nikiyasoma hujiuliza, huyo "kila mtu" ana mikono mingapi inayomtii? Mimi nina mtindio wa ubongo. Kikombe sikiwezi bila kumwagikiwa, basi hunywa kwa mrija, na mrija wenyewe uwe wa plastiki, ule unaopinda shingoni.

Tangu Juni 5, 2020, plastiki za kutumika mara moja zimepigwa marufuku kwenye fukwe, mbuga na misitu ya hifadhi. Sina ugomvi na hilo. Nimezaliwa pwani, najua plastiki inavyomuua kasa. Lakini mrija wa karatasi haunifai. Meno yangu huung'ata bila mimi kutaka, na kabla dafu halijafika nusu, mrija umeshakuwa uji. Wa chuma ni hatari zaidi: taya likikaza, jino linakwenda. Wa silikoni ni mzuri, ila unataka kusuguliwa kwa brashi nyembamba na maji mengi, na mitaa mingi ya mji huu maji hununuliwa kwa mtungi kutoka kwenye mkokoteni. Juzi katika mkahawa mmoja wa ufuoni, mhudumu aliniambia mbele za watu kwamba sisi ndio tunaochafua bahari. Mrija aliouona nilikuja nao mwenyewe mfukoni. Huuosha nikautumia tena na tena.

Kwetu naishi na mpwa wangu, mtoto wa dada, kijana mwenye usonji. Semina ya mazingira hajahudhuria hata moja. Nguo mpya zinamwasha, kwa hivyo shati moja hulivaa mpaka kola ichanike, na hapo atataka ishonwe. Chakula chake ni kilekile kila siku, hakuna kinachobaki. Taka huzitenga bila kukumbushwa: maganda ya ndizi na miba ya samaki kwenye ndoo ya kijani, chupa zilizosuuzwa kwenye ya buluu, vifuniko mbali.

Kisha huja mbeba taka, tunayemlipa kila mwezi, akazimwaga ndoo zote mbili kwenye mkokoteni mmoja. Siku kijana alipoliona hilo, alipiga kelele, akajiziba masikio, halafu akaingiza mikono mkokotenini kuzichambua upya, chupa moja moja, majirani wakicheka. Mbeba taka simlaumu sana. Huko anakokwenda kumwaga, nani amemtengea mahali pawili? Lakini Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 inataka zinazooza zitengwe na zisizooza tangu nyumbani, na mbebaji azichukue hivyo hivyo. Mpwa wangu hajui sheria ya kufuatwa siku nyingine na kuachwa siku nyingine. Ukishamwambia kijani ni ya vinavyooza, yamekwisha.

Kuhusu kuambiwa tutembee tupunguze moshi, sina mengi: kwanza ondoeni meza za biashara kwenye njia za miguu, kisha mnikataze tuktuk.

Katiba, Ibara ya 42, inampa kila mtu haki ya mazingira safi; ya 54 inasema mwenye ulemavu atendewe kwa heshima. Zote mbili ni zetu. Kwa hivyo kaunti ikiketi kupanga mambo ya taka, ituite kabla mabango hayajachapishwa. Wenye mikahawa waruhusiwe kuweka mirija michache ya kupinda, apewe anayeomba, bila kuhojiwa ana ugonjwa gani. Wabeba taka wapewe magunia ya rangi mbili na mahali pawili pa kuyashusha.

Na wanaoandaa usafishaji wa ufuo, tafadhali tangazeni mapema kwa maandishi saa ya kuanza na ya kumaliza, halafu zimeni spika. Mpwa wangu anaweza kuokota taka kutoka Nyali hadi Bamburi bila kuchoka. Kinachomrudisha nyumbani ni ule muziki.

Mjomba mtu,
Kisauni, Mombasa