Glasi mbili kwa pamoja

Mama yangu mpendwa,

Habari za Arusha? Ujumbe wako nimeupata, na swali lako sijaacha kuliwaza: mgeni hotelini akikuuliza mvinyo nyekundu za Médoc na Saint-Émilion, sehemu mbili za Bordeaux huku Ufaransa, zinatofautianaje, umjibu nini? Usikariri. Mwombe mkuu wako akuonjeshe zote mbili kwa wakati mmoja, glasi kando ya glasi.

Jana baada ya kazi tulifungua chupa mbili za mavuno ya 2016, moja ya Pauillac kule Médoc, nyingine ya Saint-Émilion. Nikainamisha glasi ya Pauillac juu ya kitambaa cheupe: katikati karibu nyeusi, ukingoni nyekundu iliyokolea. Nikanusa, nikapiga funda dogo, nikalizungusha mdomoni, nikatema ndooni. Fizi zikakaza papo hapo. Unakumbuka mabibo ya kwa bibi Masasi, ulivyokuwa ukiyatafuna mpaka mdomo unakauka? Ukakasi ule ule. Hapa wanauita tanini, na unatoka kwenye maganda na mbegu za zabibu. Saint-Émilion nayo ilikuwa nao, ila ulipita taratibu, kama zambarau iliyoiva mpaka inaacha rangi ulimini.

Yote yanaanzia ardhini. Médoc iko magharibi mwa mlango wa mto Gironde, kwenye changarawe inayotunza joto la jua na isiyotuamisha maji. Zabibu ya huko, Cabernet Sauvignon, huchelewa kuiva, kwa hiyo joto lile ndilo linaloiokoa. Saint-Émilion, kama kilomita 40 kutoka Bordeaux mjini, ina chokaa na udongo wa mfinyanzi wenye ubaridi, na zabibu ya Merlot inayoiva mapema hustawi hapo. Pande zote mbili huchanganya zabibu; kinachobadilika ni ipi iliyo nyingi.

Wageni wengine watakutajia madaraja ya 1855, orodha iliyopanga mvinyo wa Bordeaux kwa ngazi. Kwa mvinyo mwekundu ni karibu Médoc tupu, na shamba lililowahi kupandishwa hadi daraja la kwanza ni Mouton Rothschild peke yake, mwaka 1973. Saint-Émilion ina orodha yake. Pomerol, jirani yake, haina kabisa na bado chupa zake ni ghali mno.

Lakini maneno, mama. Wafaransa watakwambia cassis, tunda ambalo sisi hatukukua nalo. Nilipofika huku nililitaja miaka miwili bila kujua ninasema nini. Siku moja likanitoka "zambarau". Mpishi mkuu akauliza ni nini, nikamweleza utamu wake na ule ukakasi wa mwisho. Akaonja tena, kimya, kisha akatikisa kichwa kukubali. Nilirudi nyumbani usiku ule nikitembea kwa miguu, sikutaka hata kupanda tramu.

Na usikubali chupa za mvinyo mwekundu zikae karibu na jiko. Mvinyo ukiwa na joto, pombe hupanda puani na kufunika mengine yote. Weka chupa kwenye friji kama nusu saa, ifike nyuzi 16 hadi 18, ndipo umimine.

Ukishaonja, niandikie Pauillac imekukumbusha nini.

Baba yako